Kupima dalili za mtikisiko wa ubongo kwa wanamichezo wa vyuo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza maswali haya ni wa aina tatu: wachezaji wa raga na mpira vyuoni, wazazi ambao vijana wao wamepata ufadhili wa michezo Marekani, na wanafunzi wa fiziotherapia wanaoandaliwa kusimama kando ya uwanja. Mifano mingi ni ya Marekani, kwa kuwa huko ndiko vyuo vimepima wanamichezo wengi na kuweka kumbukumbu kwa miaka mingi. Kama kuna mtu kaumia kichwa sasa hivi, ruka hadi swali la tatu.

## Mambo ya msingi

1. Mtikisiko wa ubongo ni nini hasa?

Ni jeraha la ubongo linalotokana na kishindo cha ghafla. Si lazima kichwa chenyewe kigongwe. Mchezaji akikumbwa kifuani kwa nguvu, kichwa kikarushwa nyuma kisha mbele, inatosha. Nyuzi za neva huvutika, chumvichumvi zinazoendesha umeme wa neva huvuja kuingia na kutoka kwenye seli, na seli hulazimika kutumia nishati nyingi kuzirudisha mahali pake, tena wakati ambao damu inayoleta nishati hiyo imepungua. Kinachovurugika ni utendaji wa ubongo, umbo lake hubaki lilivyokuwa. Ndiyo sababu picha ya CT mara nyingi hutoka safi na mgonjwa bado anaumwa kweli.

Kuzimia si sharti. Katika utafiti mkubwa wa wachezaji wa futiboli ya Kimarekani vyuoni uliochapishwa mwaka 2003, waliopoteza fahamu walikuwa asilimia 6.3 tu ya walioumia. Waliolalamika maumivu ya kichwa walikuwa asilimia 85.2. Anayesubiri mchezaji azimie ndipo amtoe uwanjani atawaacha ndani karibu wote walioumia.

2. Kwa nini tupime? Si mtu anaulizwa tu anajisikiaje?

Muulize mchezaji anajisikiaje na mechi bado inaendelea. Atakujibu "niko fiti, kocha" kabla hujamaliza swali. Na si wote wanaodanganya. Ubongo ulioumia ndio huohuo unaotakiwa kujichunguza na kutoa taarifa. Ukimwuliza dalili moja baada ya nyingine, kwa maneno yaleyale anayoulizwa kila mtu, na kumtaka aipe kila moja namba, unapata kitu unachoweza kukilinganisha kesho na keshokutwa.

3. Dalili zipi zinataka hospitali mara moja, bila kupima kingine?

Maumivu makali ya shingo au shingo kuuma ikiguswa. Kuona vitu viwiliviwili. Udhaifu, ganzi au kuwashwawashwa mikononi au miguuni. Maumivu ya kichwa makali au yanayozidi. Degedege. Kupoteza fahamu, au fahamu kuzidi kufifia. Kutapika. Kuhangaika au kuwa mkali kuliko kawaida yake. Ukiona hata moja, achana na fomu. Usimwinue, usimvue kofia ngumu kama huna mafunzo, mlinde shingo na uite gari la wagonjwa.

## Nyanja za dalili

4. Mnaposema "nyanja" za dalili mnamaanisha nini?

Dalili za mtikisiko ni nyingi, lakini zina tabia ya kwenda kwa makundi. Kuna za mwili: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, kuumizwa na mwanga au kelele. Kuna za akili: kusahau, kushindwa kukazia fikra, kuhisi mambo yanakwenda polepole. Kuna za hisia: huzuni, wasiwasi, hasira za haraka, machozi yasiyo na sababu. Na kuna za usingizi: kukosa usingizi, au kusinzia kutwa nzima. Kila kundi ni nyanja.

5. Kwani tukijumlisha alama zote tukapata namba moja kuna ubaya gani?

Kama ungechukua jambo moja tu kwenye ukurasa huu, ningependa liwe hili.

Chukua wanafunzi wawili. Wa kwanza amejaza: maumivu ya kichwa 5, kichwa kubana 5, mwanga 5, kelele 5, kichefuchefu 4. Jumla 24. Wa pili amejaza: wasiwasi 5, kukosa usingizi 5, huzuni 4, kukasirika haraka 4, hisia kupanda na kushuka 3, uchovu 3. Jumla 24. Kwenye daftari la timu hawa wawili ni sawasawa. Lakini wa kwanza ana picha inayofanana na kipandauso, na kumlazimisha akae kwenye ukumbi wa mihadhara wenye taa kali ni kumtesa. Wa pili anaweza kuvumilia taa zote za dunia. Anachohitaji ni usingizi na mtu wa kuzungumza naye, na ukimfungia chumbani peke yake wiki nzima utamzidishia. Namba ni ileile ila tiba zao hazikutani popote.

Jumla inafaa kwa jambo moja: kukuonyesha kwa haraka kama mtu anaendelea vizuri au anarudi nyuma. Kwa kuamua afanyiwe nini, angalia nyanja.

6. Nyanja ziko ngapi? Kila ninaposoma naona idadi tofauti.

Ni kweli, na si uzembe wa watafiti. Idadi inategemea umepima lini. Mwaka 2012 Anthony Kontos na wenzake wa Pittsburgh walichambua kitakwimu majibu ya wanamichezo wa sekondari na vyuo. Kabla ya kuumia, dalili zilijigawa makundi manne. Baada ya kuumia zilijigawa manne pia, lakini si yaleyale: uchovu, dalili za akili na zile zinazofanana na kipandauso zilikuwa zimeshikana zikawa kundi moja kubwa, na pembeni yake zikabaki hisia, mwili na usingizi. Siku za mwanzo, kwa maneno mengine, ubongo unalalamika kwa sauti moja nzito. Sauti hutengana baadaye.

Watafiti wengine wamependekeza tuone mambo kwa ngazi mbili: kila dalili inabeba sehemu ya ukali wa jumla wa jeraha, na juu ya hapo inabeba kitu cha nyanja yake peke yake. Mimi naona mtazamo huu unaeleza vizuri kwa nini jumla na nyanja zote zina kazi, kila moja mahali pake.

Kliniki nazo hutumia mgawanyo wa kitabibu: akili na uchovu, usawazo wa sikio la ndani, macho, kipandauso, wasiwasi na hisia, na shingo. Usingizi hupita kote na kuchochea kila kimoja.

7. Nyanja zote hupona kwa wakati mmoja?

Hapana. Michael McCrea na wenzake waliwafuatilia wachezaji 1,631 wa futiboli kutoka vyuo 15, wakachapisha matokeo mwaka 2003. Kwa walioumia, usawazo wa mwili ulirejea ndani ya siku 3 hadi 5, uwezo wa akili ndani ya siku 5 hadi 7, na dalili walizozisema wenyewe zilipungua taratibu hadi kufikia siku ya 7. Mtu mmoja kati ya kumi alichukua zaidi ya wiki.

Maana yake, kipimo kimoja kikisema "tayari", kimezungumzia chumba kimoja tu cha nyumba.

## Vipimo vyenyewe

8. Orodha ya dalili inajazwaje?

Iliyoenea zaidi ina dalili 22. Kila moja unaipa alama kuanzia 0 hadi 6: sifuri ni hakuna kabisa, 1 na 2 ni kidogo, 3 na 4 ni ya kati, 5 na 6 ni kali. Hutoka namba mbili: idadi ya dalili ulizo nazo, na ukali wa jumla, ambao hauwezi kuzidi 132. Kisha unaulizwa kama dalili zinazidi ukifanya mazoezi, kama zinazidi ukitumia akili, na kama wewe mzima ni asilimia 100, sasa uko asilimia ngapi. Usiyaruke maswali hayo ya mwisho. Mara nyingi ndiyo yanayofichua aliyejaza sifuri kila mahali halafu akasema yuko asilimia 80.

Mwanamichezo ajaze mwenyewe, akiwa ametulia na mapigo ya moyo yameshuka. Aliyetoka kukimbia atakuwa na uchovu na kichwa kinachogonga hata kama hakuguswa na mtu.

9. SCAT6 ni nini?

Ni kifurushi cha vipimo kwa ajili ya wahudumu wa afya, kwa wanamichezo wa miaka 13 na kuendelea. Cha kwanza kilitokana na mkutano wa wataalamu uliofanyika Prague mwaka 2004, nacho kimefanyiwa marekebisho mara kadhaa. Toleo la sita lilitoka mwaka 2023 baada ya mkutano wa Amsterdam wa 2022. Ndani yake kuna dalili za hatari, orodha ya dalili 22, kumbukumbu na umakini, uratibu wa viungo na usawazo. Ukikifanya chini ya dakika 10 umekiharakisha.

Nguvu yake iko kwenye saa 72 za mwanzo, na haipiti wiki. Baada ya hapo kuna ndugu yake, SCOAT6, kwa ajili ya chumba cha daktari. Huyu anaingia kwa kina zaidi kwenye shingo, macho, shinikizo la damu mtu anaposimama, hisia na usingizi.

10. Kumbukumbu na umakini vinapimwaje?

Mtu anasomewa maneno 10 mara tatu, kila mara anataja anayoyakumbuka. Anarudia tarakimu kwa kinyume, kisha anataja miezi ya mwaka kuanzia Desemba kurudi Januari huku saa inahesabu. Baada ya dakika zisizopungua tano anaulizwa tena yale maneno 10. Kwa anayepimwa kwa Kiswahili kuna mitego, soma swali la 17.

11. Na usawazo?

Mikono kiunoni, macho yamefumbwa, sekunde 20 kwa kila mkao: miguu pamoja, kisha mguu mmoja, kisha mguu mmoja nyuma ya mwingine kisigino kikigusa vidole. Kila kosa, kama kufumbua macho, kuondoa mkono au kuyumba hadi kukanyaga, linahesabiwa, lakini hayazidi 10 kwa kila mkao. Toleo kamili, lililobuniwa Chuo Kikuu cha North Carolina, hurudia mikao yote juu ya sponji. Kifundo cha mguu kilichoteguka mwezi jana kinaharibu kipimo hiki kabisa, kwa hiyo uliza kwanza.

12. Mtu anasimama vizuri lakini anasema akigeuza kichwa dunia inazunguka. Kuna kipimo chake?

Kipo, kinaitwa VOMS, kilichapishwa mwaka 2014 na watafiti wa Pittsburgh. Kusimama tuli na kuratibu macho na kichwa kinachosogea ni kazi mbili tofauti. Mchezaji anafuata kidole kwa macho, anaruka kwa macho kutoka alama moja hadi nyingine, anageuza kichwa huku ametazama sehemu moja, anasogeza kitu karibu na pua hadi kigawanyike viwili machoni pake. Baada ya kila zoezi anataja kwa 0 hadi 10 kiwango cha maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na ukungu wa akili. Kitu kikigawanyika kikiwa bado sentimita 5 au zaidi kutoka puani, hiyo si kawaida.

Ninakipenda kwa sababu hakihitaji mashine, isipokuwa rula, kipimamwendo cha muziki na mtu aliyefundishwa. Na wanafunzi wanaoshindwa kusoma wiki ya tatu baada ya kuumia mara nyingi tatizo lao linaonekana hapa, wakati kwenye orodha ya dalili waliandika tu "kichwa kinauma kidogo".

13. Kipimo cha kompyuta si bora zaidi?

Si bora wala si duni. ImPACT, ambacho vyuo vingi vya Marekani hukitumia, hupima kumbukumbu ya maneno, kumbukumbu ya picha, kasi na muda wa kuitikia. Ni nyanja ya akili kwa sehemu kubwa. Hakioni shingo, na hakisimami kwa mguu mmoja.

14. Huzuni na wasiwasi ni dalili za ubongo, au ni za kukosa mechi?

Zote mbili zinawezekana, na mara nyingi huja pamoja. Kijana aliyekuwa na timu kutwa nzima amewekwa pembeni ghafla, halali, hafanyi mazoezi, na anaogopa ufadhili wake. Usibishane naye kuhusu chanzo, pima. Maswali manne ya hisia kwenye orodha ya dalili ni machache mno, kwa hiyo madaktari huongeza dodoso kama PHQ-9 la sonona na GAD-7 la wasiwasi. PHQ-9 lipo kwa Kiswahili na limefanyiwa utafiti Kenya. Akitaja kutaka kujidhuru, hilo linashughulikiwa siku hiyohiyo.

15. Nimesikia kuna kipimo cha damu.

Kipo. Marekani ilikiidhinisha mwaka 2018. Kinapima protini mbili zinazovuja kutoka ubongoni, na kazi yake ni kusaidia daktari kuamua kama mtu mzima anahitaji picha ya CT. Hakisemi una mtikisiko au huna.

## Kipimo cha msingi na lugha

16. Kwa nini chuo kinampima mwanangu kabla hajaumia?

Kwa sababu watu wazima wenye afya nao wana dalili. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayelala saa tano kwa usiku ataandika uchovu, kusinzia na kushindwa kukazia fikra bila kugongwa na chochote. Mwenye kipandauso, sonona au tatizo la umakini ataandika zaidi. Bila kujua alianzia wapi, unaweza kumweka nje mwezi mzima ukisubiri sifuri ambayo hajawahi kuwa nayo.

Mradi wa CARE, ulioanzishwa mwaka 2014 na chama cha michezo ya vyuo NCAA pamoja na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, umewapima hivi makumi ya maelfu ya wanamichezo na wanafunzi wa vyuo vya kijeshi. Mradi huohuo ulionyesha jambo la kututuliza pupa: ukimpima mtu asiyeumia leo na tena baada ya mwaka, alama zake hubadilika kuliko tungependa. Kwa hiyo kipimo cha msingi, yaani hiki cha kabla ya kuumia, ni msaada, lakini si hirizi, na daktari mwenye uzoefu anaweza kufanya kazi bila hicho.

Kuhusu kufeli makusudi ili baadaye uonekane umepona: wapo wanaojaribu, na programu nyingi zina alama za kushtukia majibu ya ajabu. Anayefanikiwa amejiondolea ulinzi wake mwenyewe.

17. Naweza kupimwa kwa Kiswahili?

Pimwa kwa lugha unayofikiria kwa wepesi zaidi, na itumike ileile kabla na baada ya kuumia. Lakini tafsiri ya neno kwa neno ina hatari tatu ambazo kila mpimaji wetu anapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni saa. Mchezaji anaulizwa ni saa ngapi, anajibu "saa kumi". Mpimaji mgeni ana kumi asubuhi kichwani, yaani saa nne kwa hesabu yetu, wakati ni alasiri na mchezaji amejibu sawasawa. Amenyimwa alama kwa kusema Kiswahili sanifu.

Ya pili ni miezi. Wengi wetu tunasema mwezi wa kumi na mbili, wa kumi na moja, wa kumi. Huko ni kuhesabu kinyume tu, ni rahisi kuliko kutaja Desemba, Novemba, Oktoba. Sisitiza majina.

Ya tatu ni dalili zenyewe. "Kizunguzungu" kwetu hubeba dunia kuzunguka, kuona giza ukisimama, hata kuyumba. Kwenye orodha, kizunguzungu na kukosa usawazo ni mistari miwili. Na ile dalili ya kujiona kama uko ndani ya ukungu, ukiitafsiri hivyohivyo mtu anakutazama tu. Sema "akili imekuwa nzito, kama hujaamka vizuri" na utaona anavyoitikia kwa kichwa. Huzuni na wasiwasi nazo hutoka kwa njia ya mwili: moyo unaenda mbio, mwili hauna nguvu, kifua kinabana. Msikilize kwa lugha yake kabla ya kuandika sifuri kwenye nyanja ya hisia.

## Kurudi uwanjani na hali zisizo za kawaida

18. Lini anarudi kucheza?

Kamwe si siku hiyohiyo. Baada ya saa 24 hadi 48 za kupumzika kiasi, anaanza mwendo mwepesi, kisha hupanda hatua kwa hatua, ngazi sita, kila moja kwa kawaida si chini ya saa 24. Dalili kuongezeka kidogo, si zaidi ya alama 2 kati ya 10 na kwa muda usiofika saa moja, si sababu ya kuogopa. Mazoezi ya kugongana yanasubiri hadi dalili ziishe na daktari aridhie.

Kwa wanamichezo zaidi ya 1,700 wa vyuo walioumia wakifuatiliwa na CARE, nusu walikuwa wamerejea mchezoni kufikia takriban siku 13, na asilimia 85 ndani ya mwezi. Kwa hiyo wiki tatu bado ni kawaida. Mzazi, usimpigie simu kila jioni kumuuliza "bado tu?"

19. Akificha dalili hadi mechi iishe, kuna hasara gani, kama mwishowe atasema?

Hasara ipo na imepimwa. Wanamichezo wa chuo waliochelewa kusema walikaa nje takriban siku 5 zaidi ya waliotoka papo hapo. Na hapo hatari ya kupata kishindo cha pili kabla ya kupona hata hatujaizungumzia. Tangu 2010 NCAA inadai kila chuo kiwe na mpango wa kuwatoa wachezaji wenye dalili, lakini mpango hauwezi kumtoa mtu anayeficha.

20. Vipimo vyote ni vizuri, ila mchezaji anasema "sijisikii sawa". Tufuate nini?

Mfuate yeye. "Sijisikii sawa" imo kwenye zile dalili 22, si maneno ya ziada. Kisha tafuta nyanja ambayo hukuigusa: je, shingo imepimwa? Macho? Mpandishe kwenye mashine ya kukimbilia uone kama dalili zinaamka mapigo ya moyo yakipanda.

Na kinyume chake pia hutokea: anasema yuko sawa lakini usawazo umeshuka au kumbukumbu imepungua. Hapo vifuate vipimo.

21. Timu yetu ya chuo haina daktari wala kompyuta. Tufanyeje?

Raga ya vyuo vya Nairobi, kina Mean Machine, Blak Blad na Strathmore Leos, inagongana sawasawa na ya kwingine, na timu nyingi ndogo kuliko hizo hucheza zikiwa na sanduku la huduma ya kwanza tu. Kwa mtu asiye mhudumu wa afya kuna CRT6, ukurasa mmoja wa kutambua, usiohitaji alama. Shaka ikiwepo, mchezaji anatoka na harudi siku hiyo. Asiachwe peke yake saa za mwanzo, asiendeshe pikipiki wala gari, asinywe pombe. Halafu chapisheni orodha ya dalili 22, ajaze kila siku saa ileile, na mzungushie kila nyanja rangi yake. Karatasi hizo akienda nazo kwa daktari, hata wiki ya pili, zitamwambia mengi kuliko "aligongwa, akapumzika".

22. Imepita zaidi ya mwezi, kila kitu kimepona isipokuwa nyanja moja. Bado ni mtikisiko?

Dalili zikipita wiki nne huitwa za kudumu, na hapo ndipo nyanja inapokuwa muhimu kuliko siku ya kwanza. Iliyobaki ikiwa kizunguzungu cha kugeuza kichwa, kuna fiziotherapia ya usawazo. Ikiwa kichwa kinachouma kuanzia kisogoni, shingo itibiwe. Ikiwa usingizi, anza na usingizi kabla ya dawa nyingine yoyote. Ikiwa hisia, apate mshauri. Mazoezi mepesi ya moyo, chini ya kiwango kinachoamsha dalili, yamesaidia wengi. Anayeambiwa tu "endelea kupumzika" mwezi wa pili aombe rufaa, na aende na zile karatasi za swali la 21.